Kitabu na Sema

Kwa siku mbili Kenyi aliamini kwamba alimpoteza Zubeiri kwa sababu ya ukurasa mmoja.

Ukurasa wenyewe aliuona mwaka 1993, Jumatano asubuhi, mjini Arua, katika maktaba ya chuo alikofanya kazi ya kushona upya vitabu vilivyoachana. Sanduku la vitabu vya msaada lilikuwa limefika kutoka ng'ambo, na Mama Margarita, mkuu wa maktaba, alikuwa akivitoa kimoja kimoja na kuvipangusa kwa kitenge chake.

"Na hiki? Joka, upanga, mzee mwenye ndevu. Kenyi, hiki ni cha watoto?"

Kenyi alikipokea, na mikono yake ikakitambua kabla ya macho. Joka lile lile jekundu lililojizungusha kwenye mnara. Uzito ule ule.

"Si cha watoto, Mama. Ni mchezo."

"Mchezo gani? Naona hesabu tupu humu."

"Hesabu ndiyo mchezo wenyewe."

Mama Margarita alimtazama, akarudi kwenye sanduku lake. Kenyi akafungua mwanzo kabisa wa kitabu, pale ambapo miaka tisa nyuma alikuwa amepita bila kusoma. Palikuwa na kurasa mbili na nusu za utangulizi, hazina jedwali wala namba. Katika ukurasa wa pili, mstari wa tano kutoka chini, mtungaji alikuwa ameandika kwamba kanuni zote zinazofuata ni za kumsaidia anayesimulia, si za kumfunga; na kwamba kanuni ikimuumiza aliyekaa naye mezani, aiweke kando bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kenyi aliusoma mstari huo mara nne. Kisha akakaa sakafuni kati ya vitabu.

*

Baba yake Kenyi alikuwa sajini, mtunza ghala la jeshi. Nyumbani kwao Kuluba, hata sufuria zilikuwa na mahali pake, na mtoto akileta maelezo marefu baba alimkata: "Amri haina utangulizi. Sema kilichoamriwa." Kenyi alikua na neno hilo kama wengine wanavyokua na dua.

Serikali ilipoanguka mwaka 1979, na mwaka uliofuata askari wengine wakafika Koboko, amri za baba hazikumsaidia mtu. Mtu aliulizwa jina lake na kabila lake, na jibu lolote lilikuwa baya. Watu wakakimbilia Sudan. Kenyi alivuka mto Kaya akiwa na miaka kumi na minne, sufuria kichwani. Zubeiri, rafiki yake wa darasa moja, alivuka siku hiyo hiyo, maji yakiwa yamejaa, akimshika mkono dada yake Asiya, wa miaka kumi na miwili. Katikati ya mto mkono ukachomoka. Wengine walisema walimwona mtoto akitoka ng'ambo, mbali kule chini, pamoja na watu wasiojulikana. Wengine hawakusema kitu. Mama yake Zubeiri aliwaamini wale wa kwanza, na kila chakula kilipopakuliwa kambini, alitenga sahani moja ikapoa.

Kambi yao ilikuwa karibu na Yei. Mwaka 1983 alikuja mwalimu wa kujitolea, kijana Mzungu asiyejua kupiga wala kugomba, na ndani ya begi lake kulikuwa na kile kitabu. Jumamosi mchana, chini ya paa la nyasi la shule, aliwafundisha vijana wanne kukicheza. Kila mmoja anajitungia mtu wake katika nchi ya majoka na wachawi, anaandika nguvu zake kwenye karatasi. Mmoja anasimulia njia na hatari. Jambo likiwa na shaka, namba inaamua. Waliuita mchezo huo Kitabu, bila jina lingine.

Mwalimu alipokaribia kuondoka, alimwachia Kenyi kitabu kwa miezi miwili akinakili. Kenyi alikinakili chote kwa Kiswahili, katika madaftari sita, kwa penseli. Mnara aliuita boma. Alinakili jedwali la majeraha, la hali ya hewa, la kuporomoka kwa mawe, la sumu za wadudu na nyoka. Alinakili jedwali la mizigo, linalosema mtu wa nguvu kumi abebe nini na asibebe nini. Utangulizi aliuacha. Karatasi zilikuwa chache, na baba alishamfundisha.

Madadu yenye nyuso nyingi yaliondoka na mwalimu. Kenyi akatafuta vifuniko ishirini vya soda, akaviandika moja hadi ishirini kwa msumari, akavitia katika kopo la maziwa. Anayecheza anatikisa kopo, anatoa kimoja bila kuangalia.

"Hii jedwali ya mizigo," Zubeiri alisema siku ya kwanza, akicheka hadi machozi, "yule aliyeandika hajawahi kukimbia hata siku moja. Mama yangu iko nguvu ngapi? Tano? Alibeba mtoto, godoro na mbuzi!"

"Mbuzi alitembea mwenyewe."

"Mbuzi alibebwa, Kenyi. Mimi nilikuwa nyuma yake."

"Basi alikuwa na nguvu kumi na sita," Kenyi akasema kwa utulivu, na kila mtu akacheka, lakini yeye hakuwa akitania. Alikuwa ameshaanza kupiga hesabu.

Watu walidhani Kenyi alipenda Kitabu kwa sababu ya majoka. Sivyo. Alikuwa ameona watu wakifa kwa sababu ya majina yao. Ndani ya Kitabu hakuna aliyekufa hivyo. Hatari yoyote ilikuwa na namba, na namba ilijulikana kabla ya kopo kutikiswa, na ilikuwa ile ile kwa mtoto wa sajini na mtoto wa mchuuzi.

Zubeiri naye alikuwa na lake. Mtu aliyejitungia alikuwa msichana mpiga upinde, na juu ya karatasi, mahali pa jina, aliandika Asiya. Umri: kumi na mbili. Hakuna aliyeuliza. Kila mvua za Aprili zilipoanza, Zubeiri alikata umri wa zamani kwa mstari mmoja akaandika mpya, kwa sababu mtoto anakua. Kumi na tatu. Kumi na nne. Miaka ya nyuma, kabla hawajaujua mchezo, aliijaza kwa pamoja. Kumi na tano. Mwaka 1984 karatasi ilisema kumi na sita, na Asiya alikuwa mpiga upinde aliyeogopwa na majambazi wote wa nchi ile isiyokuwako.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane, Asiya alitia mkono katika ufa wa mwamba kuchukua ufunguo. Kenyi alitazama jedwali. Ndani ya ufa mlikuwa na nge. Sumu ya nge: kumi na nne na kuendelea, mtu anapona. Chini ya hapo, anakufa.

Zubeiri alitikisa kopo. Akatoa kifuniko. Kumi na tatu.

Wenzao wawili waliguna. Mmoja akasema, "Ah, moja tu."

"Kenyi," Zubeiri akasema.

Kenyi alikuwa akisoma mistari iliyo chini ya jedwali, kuona kama kuna dawa, kama kuna nyongeza kwa umri au kwa nguvu. Alisoma taratibu, yote. Hakuna.

"Kenyi, wacha."

"Jedwali linasema kumi na nne."

"Mimi nakuambia wacha. Sema iko kumi na nne. Nani ataenda kushitaki?"

"Nikiacha leo kwako, kesho nitaacha kwa nani? Kanuni ikipinda mara moja, haina kazi tena."

"Kanuni ni msumeno, eh? Inakata mbele na nyuma."

"Ndiyo."

"Basi kata."

Kenyi alichukua karatasi ya Asiya, akaandika chini yake: Amekufa, sumu ya nge, na tarehe. Kwa mwandiko mzuri. Zubeiri aliinuka, akavaa kandambili, akaenda zake. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Walipokutana kwenye foleni ya maji alisalimu kama anavyosalimu mtu wa mtaa mwingine.

*

Vita vya Sudan viliwarudisha nyumbani mwaka 1986. Zubeiri alirudi Koboko akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli. Kenyi alipata chumba Awindiri, mtaa wa mjini Arua, na kazi ya kushona vitabu. Alijaribu kuendeleza Kitabu. Mara ya kwanza walikuja watano. Lakini kumtunga mtu mmoja kwa kanuni zote kulichukua mchana wa siku mbili, na pigano la dakika moja lilichezwa saa nzima. Wakabaki watatu, kisha mmoja, aliyekuja kwa ajili ya chai. Mwishowe Kenyi alikuwa akiwatunga watu peke yake, anajaza karatasi zao, anazipanga kwenye faili.

Wasafiri kutoka Koboko walileta habari kwamba Zubeiri ana mchezo wake. Hauna daftari. Hauna kopo. Unaitwa Sema, na una dadu moja ya ludo. Kila Ijumaa baada ya sala watu wanajaa hapo kibandani.

"Dadu moja?" Kenyi alimuuliza mchuuzi mmoja. "Na majeraha? Na mizigo?"

"Mizigo gani, ndugu yangu? Tunacheka tu."

Kenyi hakuwa mtu wa kuhukumu haraka. Lakini moyoni aliuweka Sema pamoja na michezo ya kurusha mawe.

Ndipo ukafika ule ukurasa. Siku mbili Kenyi hakula vizuri. Alhamisi aliomba ruhusa, akaufungua utangulizi, akanakili kurasa zote mbili na nusu kwa Kiswahili, neno kwa neno. Akaitoa kwenye faili karatasi ya Asiya, akazitia zote katika bahasha. Alipanda lori la mihogo Ijumaa asubuhi, na njia nzima ya Koboko, vumbi likimjaa masikioni, alirudia maneno atakayosema: Nilikosea. Sikujua. Kitabu chenyewe kilikuwa kinaniruhusu.

*

Aliwakuta wamekaa kwenye mabenchi kuzunguka kibanda, watu saba au wanane. Zubeiri alikuwa amenenepa kidogo shingoni. Alikuwa ameinamia gurudumu lililotundikwa, anakaza spoku moja moja, anazungusha, anasikiliza. Alimwona Kenyi. Mkono haukusimama.

"Karibu. Benchi iko."

Basi Kenyi akakaa, akautazama mchezo wa mwenzake kwa mara ya kwanza.

Hadithi ilikuwa hii: shetani amefungia mvua katika kibuyu juu ya mlima Liru, na wao wanakwenda kuiiba. Kanuni zote Kenyi alizielewa kabla hajapangusa vumbi usoni. Sema unataka nini. Sema unaogopa nini. Tupa dadu. Nne na kwenda juu, umepata unachotaka. Chini ya hapo, kimekujia unachoogopa. Basi.

"Mimi," alinguruma Sulemani, mchinja nyama, amesimama tayari, "nataka niruke moja kwa moja mpaka juu nimkate ile shetani shingo!"

"Unaogopa nini?" Zubeiri akauliza, jicho kwenye gurudumu.

"Mimi? Siogopi kitu!"

"Basi hakuna kutupa. Mutu haogopi, dadu ya nini? Kaa."

Watu wakapiga makofi. Sulemani akajikuna. "Haya, naogopa bibi yangu."

"Iko hapo mlimani?"

"Yeye iko kila mahali!"

Alitupa, akapata mbili, na hapo juu ya Liru, kati ya mawingu, mkewe akatokea na mwiko, na benchi moja likaanguka kwa vicheko.

Kenyi hakucheka, lakini hakununa. Alihesabu, kama kawaida yake. Katika saa moja Sulemani alipata zamu nane. Msichana mmoja mshonaji nguo, Sadiya, aliyekaa pembeni, alipata moja. Katika Kitabu hilo lisingetokea; pale kila mtu ana zamu yake kwa namba, mkali na mpole sawasawa. Hapa mwenye sauti anakula mara mbili. Hilo aliliandika moyoni kama kosa.

Kisha Sadiya akafikiwa na zamu yake. Alisema anataka kukifungua kibuyu. Zubeiri akamuuliza anaogopa nini. Msichana akanyamaza. Kenyi alitazamia Sulemani amkatize, lakini Sulemani alishika kofia yake mikononi akatulia. Wote wakatulia. Zubeiri akaacha gurudumu. Wakangoja muda mrefu sana, mpaka Sadiya akasema, kwa sauti ya kusikika kwa shida, kwamba anaogopa ndani hakuna mvua.

Kenyi alipitia kichwani madaftari yake yote sita. Hayakuwa na jedwali la kungoja.

Sadiya alipata sita. Mvua ikanyesha, watu wakasimama, wakaanza kuagana.

*

Walipobaki wawili, Kenyi alifungua bahasha yake juu ya benchi.

"Nimekuja kwa habari ya Asiya," alisema.

Zubeiri aliketi juu ya debe la mafuta lililopinduliwa. "Sema."

Kenyi alimsomea ukurasa. Alisoma bila kuruka neno, na alipofika kwenye ule mstari wa tano kutoka chini sauti ilimtetemeka, kwa hiyo akaurudia. Alieleza kuhusu penseli, kuhusu karatasi chache, kuhusu baba yake na amri zake. "Sikuujua. Ningeujua, Wallahi, ningesema kumi na nne. Kitabu chenyewe kilikuwa kimeniruhusu."

Zubeiri alichukua nakala, akautazama mwandiko, mbele na nyuma.

"Iko nzuri," alisema. "Wewe mwandiko yako daima nzuri." Akairudisha. "Lakini Kenyi, ile siku mimi nilikuambia. Nilisema, wacha. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Mara mbili."

"Mara mbili."

"Sasa kitabu ya Mzungu inasema wacha, wewe unapanda lori unakuja mpaka hapa, unalia. Mimi nilisema kwa mdomo, nimekaa mbele yako, magoti yetu yanagusana. Ile haikutosha. Wewe ulitaka karatasi."

Mtu mmoja alikuja kuulizia pampu, Zubeiri akampa, akaondoka.

"Wewe hujui nilienda wapi ile siku," Zubeiri akaendelea, bila kupandisha sauti. "Nilienda nyumbani. Mama alikuwa anapakua. Nikamwambia, mama, wacha kuweka ile sahani, Asiya alikufa. Nilisema kwa nguvu. Yeye akaniuliza, umesikia kwa nani? Mimi nitasema nini? Kumi na tatu? Nikasema, nimesikia kwa mutu wa kweli, hapana danganya. Jumapili tukasoma hitima. Mama aliosha ile sahani akaiweka juu ya paa, na mwaka haukuisha na yeye akaenda."

"Sikujua," Kenyi akasema.

"Hukuuliza."

Kenyi alitoa kitu cha mwisho kilichobaki katika bahasha: karatasi ya Asiya. Ilikuwa safi, haijakunjwa hata pembe. Zubeiri aliishika kwa ncha za vidole kwa sababu ya grisi. Alitazama umri uliokatwa na kuandikwa upya, kumi na mbili, kumi na tatu, mpaka kumi na sita, na chini yake ule mwandiko mzuri wa Kenyi. Aliikunja mara mbili, akaiweka katika mfuko wa shati.

"Katika mchezo wako," Kenyi aliuliza, "yeye yuko?"

"Hayuko. Hapa kila mutu angemwacha aishi. Ningesema nataka, wangesema haya, chukua. Mimi hapana taka ya kupewa hivyo. Ndiyo ubaya ya Sema. Kama uliona ubaya, hiyo ndiyo yenyewe. Ile ya Sulemani ni kelele tu."

Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa ile dadu ya ludo, nyeusi kwa mafuta, akaiweka kwenye kiganja cha Kenyi.

"Wewe ulifika mbali. Cheza moja. Sema unataka nini."

Kenyi aliitazama dadu. Alitafuta maneno mengi, akaona yote ni utangulizi.

"Nataka unisamehe."

"Unaogopa nini?"

Kenyi alikawia. Zubeiri akamngoja, kama alivyomngojea Sadiya, wala hakutazama pembeni.

"Naogopa utakataa."

"Tupa."

Dadu ilidunda juu ya benchi, ikagonga spana, ikasimama. Tano.

Zubeiri aliinama akaihakikisha, kwa uangalifu, kama mtu mwenye haki. Kisha akaiokota, akaifuta kwa kidole gumba, akairudisha mfukoni.

"Ona," alisema. "Dadu imekubali."

Akashika gurudumu, akalizungusha, akasikiliza. "Lakini mimi sijakubali. Lori ya mwisho ya Arua inatoka sasa hivi, pale kwenye kituo. Usichelewe."

Kenyi alifungua mdomo kusema kwamba tano imepita nne. Akaufunga. Alikusanya kurasa zake mbili na nusu, akazilinganisha pembe kwa pembe, akainuka.